SIKUKUU YA MTOTO HAINUNULIWI DUKANI
Mazungumzo kwa wazazi wa mijini na mashambani



Watu wengi hudhani ya kuwa kumfanyia mtoto karamu siku ya kuzaliwa kwake ni kazi ya matajiri. Wameona keki kubwa, maputo ya rangi na vichezeo vya kiwandani, nao hujiambia kwamba mambo hayo si yao. Wengine hawajiambii hivyo, bali hukopa. Wote wamekosea, kwa maana hawakumwuliza mtoto anataka nini.

Mfano wa jambo hili ni huu. Baba mmoja afanya kazi Nairobi, na jamaa zake wakaa shambani. Huwarudia mara moja katika miezi mitatu. Mwanawe alipokaribia kutimiza miaka saba, baba alinunua motokaa ya plastiki iendayo kwa betri, na ili apate bei yake alitwaa fedha zilizowekwa kwa ajili ya sare ya shule. Alipofika nyumbani mtoto alipokea zawadi kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akashukuru, kisha akaenda kujificha nyuma ya mama yake. Motokaa ilikimbia siku mbili. Siku ya tatu gurudumu lilivunjika.

Mtoto hakulia. Alitafuta kipande cha waya uliobaki ulipojengwa ua, akaanza kuunda gari lake mwenyewe, lakini vidole vyake havikuwa na nguvu za kuukunja. Baba alimtazama kitambo, kisha akaketi chini karibu naye, akaushika ule waya. Jua lilipotua walikuwa na gari lenye usukani mrefu, na magurudumu yake yamekatwa katika ndara kuukuu. Kesho yake, baba alipochukua mzigo wake kurudi kazini, mtoto alimsindikiza mpaka kituo cha basi huku akilisukuma gari lile. Hata hivyo fedha zilikuwa zimekwisha tumika, na mtoto alikwenda shule muhula mzima kwa kaptula yenye viraka.

Kilichomvuta mtoto kwa baba yake hakikuwa kitu cha dukani. Ilikuwa ni ile alasiri moja waliyokaa pamoja.

MCHEZO NI HAKI

Wako wazazi wasemao kwamba mchezo ni upotevu wa wakati. Mataifa hayakuona hivyo. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, na kifungu cha 31 cha mkataba huo chasema ya kuwa mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Kenya iliukubali mkataba huo mwaka 1990, nayo Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yaitaja haki hiyo. Lakini wazee walijua habari hizi kabla ya kuandikwa sheria yo yote. Mtoto achezaye bao hujifunza kuhesabu na kufikiri mbele, kwa kuwa bao lina safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32, na kete 64. Asiye na bao la mbao aweza kuchimba mashimo yake mchangani na kucheza kwa mbegu au vijiwe.

VITU VYA KUTENGENEZA

Mpira hufanywa kwa matambara yaliyoviringishwa na kukazwa sana, kisha hufungwa kwa kamba za mgomba, kupitisha huku na huku mfano wa wavu. Zamani watoto wengi walitumia mifuko ya plastiki. Lakini tangu Agosti 2017 mifuko ya namna hiyo imekatazwa katika Kenya, na matambara na migomba bado ipo.

Mwanasesere hufanywa kwa gunzi la mhindi, akavikwa kipande cha kanga, na ndevu za mahindi zikawa nywele zake. Ng'ombe na mbuzi hufinyangwa kwa udongo wa mfinyanzi, wakaanikwa kivulini ili wasipasuke.

Tiara hufanywa kwa gazeti la zamani na njiti mbili nyepesi zilizofungwa kama msalaba. Gundi yake ni unga wa ngano uliopikwa kwa maji hata ukawa mzito. Mkia wa matambara hauna budi kuwa mrefu, maana ndio unaoizuia tiara isizunguke ovyo.

Mtu asidharau vitu vilivyotupwa. Katika miaka ya 1990, watoto wa kisiwa cha Kiwayu, upande wa Lamu, walikuwa wakiokota ndara zilizoletwa na mawimbi ya bahari na kujifanyia vichezeo. Watu waliokuwa wakihifadhi bahari waliona kazi ile, wakawatia moyo kina mama kuziokota, kuziosha na kuzichonga. Leo wanyama waliochongwa kwa ndara kuukuu huuzwa hata nchi za ng'ambo. Chanzo chake ni watoto waliokuwa wakicheza ufuoni.

KARAMU YENYEWE

Watoto wanane au kumi watosha. Wakifika, kila mmoja apewe kazi ya kutengeneza kitu kimoja, na kitu hicho ndicho atakachokwenda nacho kwao. Kwa njia hii mwenye sikukuu hulazimiki kununua zawadi, wala hapana mtoto aliyekuja mikono mitupu atakayeona haya.

Chakula kiwe kile kipatikanacho. Pwani vitumbua na maji ya ukwaju vyafaa. Bara mahindi ya kuchemsha, viazi vitamu na ndizi mbivu. Baada ya kula, mzee mmoja wa nyumba aketi kati ya watoto, aseme, "Paukwa!" nao waitikie, "Pakawa!" Hadithi mbili zikiisha, watoto wenyewe wategeane vitendawili. Karamu iishe kabla ya giza kuingia, ili kila mtoto afike kwao salama.

MAMBO YA KUANGALIA

Ncha za waya zikunjwe ndani zisije zikamchoma mtoto jichoni. Watoto wenye umri chini ya miaka mitatu wasipewe mbegu, vizibo wala vipande vya maputo yaliyopasuka, kwa kuwa huvitia kinywani na vyaweza kuwasonga. Betri ndogo zilizo bapa kama kifungo ni za hatari kubwa: mtoto akiimeza, yaweza kumwunguza koo kwa muda wa saa mbili tu, basi apelekwe hospitali mara moja. Tiara isirushwe karibu na nyaya za umeme. Na jiko lenye makaa liwekwe mbali na mahali pa mchezo.

SIKU NYINGINE ZOTE

Sikukuu ni siku moja, na mwaka una siku nyingine 364. Katika siku hizo mtoto humwona mama yake akihangaika na kazi, na baba yake, kama yupo, akiitazama simu ya mkononi. Nusu saa jioni yatosha: mama akisuka ukili, binti apewe miyaa michache asuke wake, baba akitengeneza kiti, mwana amshikie misumari. Baba aliye mbali aweza kutumia simu ile ile kumtegea mwanawe kitendawili kimoja kila jioni.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Basi mzazi asiye na fedha za keki asione haya mbele ya watoto wake. Na aketi nao chini, ashike waya au udongo, aanze kazi.