Miguu Tuliyoiachisha Kazi

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mwili, jambo ambalo sisi watu wa kanisa mara nyingi twamwachia daktari. Mtume Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yana faida yake, ingawa utauwa una faida kubwa zaidi. Wengi wetu tumeshika sehemu ya pili tu, tukakaa nayo kitini.

Mwaka 1953 Daktari Jerry Morris na wenzake walitoa habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili huko London. Dereva aliketi kutwa, na kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tikiti. Ikaonekana kwamba makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva. Tena hawakuwa wakifanya mazoezi, walikuwa kazini tu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa wazee wetu pia. Hakuna aliyeamka akasema anakwenda mazoezini. Walilima, wakachunga, wakaenda sokoni na kanisani kwa miguu. Siku hizi bodaboda yatungoja langoni, kazi ni ya mezani, na jioni tumeinamia simu. Hatukugeuka wavivu ghafla, ila kazi ya miguu imeondoka kidogo kidogo, na nyingine yafaa iende. (Nani angependa kumrudishia mama debe la maji mgongoni?) Lakini pengo limebaki. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mwaka 2022 watu wazima wapatao 31 katika kila 100 hawakufikisha kiasi kinachotakiwa, yaani angalau dakika 150 kwa juma za kutembea kwa haraka au kazi kama hiyo.

Aibu nayo yatuzuia. Mwalimu akionekana anatembea, majirani hunong'ona kwamba wapiga mnada wamechukua gari. Mama akikimbia barabarani huulizwa ni nani amefariki. Na barabara nyingine hazina njia ya watu wa miguu kabisa, hata mtu aogope magari, naye ana haki ya kuogopa.

Kwa hiyo kumkemea mtu hakutamwinua kitini. Mtu huinuka akiitwa na mwenzake. Akina mama wakienda kumtazama mgonjwa, waende pamoja kwa miguu. Vijana wapewe uwanja na mpira baada ya ibada, wasichana nao wasisahauliwe. Kamati ikikaa saa tatu, watu wasimame katikati wanyoshe miguu. Na wawakilishi wetu wa kaunti tuwaombe njia za miguu, tena tuwaombe kwa maandishi.

Mwenye ugonjwa wa moyo, presha au sukari amwone mhudumu wa afya kwanza, ndipo aanze polepole, hata dakika kumi. Nanyi wazee wa kanisa mnaokaa karibu, Jumapili ijayo magari yabaki nyumbani, watoto wawaone mkija.