Chenga Nyeupe Kwenye Fulana: Umeme Tuli katika Uchapishaji wa Filamu

Mada kwa wachapishaji wa nguo na wakazi wa Kaunti ya Laikipia



Januari shule zinapofunguliwa, karakana za kuchapisha nguo hupata kazi nyingi: nembo za sweta, fulana za michezo, jezi za vilabu. Ndio msimu uo huo ambao hewa ya Nanyuki na Rumuruti hukauka. Mchapishaji hupokea oda ya fulana 60 za buluu iliyokoza, akakesha akizifanya, kisha mwenye oda akazikunjua na kukuta chenga nyeupe zimetapakaa kuzunguka nembo. Chenga hizo zimeshikana na kitambaa, hata kufua hakuzitoi. Malipo ya awali yanadaiwa, na mteja hatarudi muhula ujao.

Wengi hulaumu unga wa gundi, au roli ya filamu, au aliyewauzia mashine. Mara nyingi lawama hiyo haina haki. Chanzo ni umeme tuli, na kuuzuia hakuhitaji pesa nyingi.

Katika kazi hii printa huchapa picha juu ya filamu ya plastiki, rangi kwanza, kisha wino mweupe juu yake. Wino ukiwa bado mbichi hunyunyiziwa unga wa gundi. Unga wa ziada hukung'utwa, uliobaki huyeyushwa kwa joto, kisha filamu hubanwa juu ya nguo kwa pasi kubwa ya mashine. Unga ukishika penye wino tu, kazi hutoka safi. Ukishika pasipo wino, nao huyeyuka na kuhamia kwenye nguo.

Plastiki ikisuguliwa au ikibanduliwa kutoka plastiki nyingine hujaa chaji za umeme. Kila mtoto wa shule aliyesugua kalamu kwenye nywele na kuinua vipande vya karatasi ameliona jambo hili. Filamu hupata chaji inapokunjuliwa kutoka kwenye roli na inapopita kwenye magurudumu ya printa. Unga nao hupata chaji ukitikiswa. Hewa yenye unyevu huacha utando mwembamba wa maji juu ya vitu, na chaji huvuja polepole. Hewa ikikauka, chaji hukaa palepale na kuvuta unga, vumbi, hata matone madogo ya wino, ambayo huacha ukungu kando ya maandishi. Karatasi za filamu hugandana, na mfanyakazi akigusa chuma hupigwa shoti ndogo. Cheche hiyo humshtua tu, lakini inaweza kuharibu vifaa vya kielektroniki vya kichwa cha printa, na hapo gharama ni nyingine kabisa.

Kifaa cha kwanza cha kununua, kabla ya roli mpya, ni kipima unyevu wa hewa. Ni kidogo na bei yake si kubwa. Unyevu unaofaa ni kati ya asilimia 40 na 60. Ukishuka chini ya 40, matatizo huanza. Beseni la maji lenye uso mpana au taulo zilizoloweshwa na kutundikwa chumbani husaidia kiasi. Mashine ya kuongeza unyevu husaidia zaidi, mradi isielekezwe kwenye printa wala kwenye unga. Tanuri ya kuyeyushia unga na pasi ya mashine huzidi kukausha chumba, kwa hiyo zikae mbali na printa. Asubuhi mapema hewa huwa na unyevu kuliko alasiri. Kazi ya nguo za rangi nyeusi au buluu ifanywe saa hizo.

La pili ni athi, na hapa ndipo karakana nyingi hukosea. Waya wa athi, ule wenye rangi ya kijani na manjano, ndio njia ya chaji kutoka kwenye printa kwenda ardhini. Plagi yaweza kuwa na pini tatu na soketi matundu matatu, lakini nyuma ya ukuta waya huo haukuunganishwa popote. Ekstensheni za bei rahisi nazo huwa na nyaya mbili tu ndani. Hili likaguliwe na fundi wa umeme aliyesajiliwa na mamlaka ya kawi, EPRA. Kufunga waya kwenye bomba la maji si athi. Mabomba mengi siku hizi ni ya plastiki.

Yaliyobaki ni mazoea. Roli mpya ikae chumbani siku nzima kabla ya kutumika, na ikunjuliwe taratibu. Mfanyakazi avae pamba badala ya poliesta, na zulia liondolewe, saruji inatosha. Ipo filamu iliyotiwa dawa ya kuzuia umeme tuli, na ipo brashi ya nyuzi za kaboni ambayo, ikiunganishwa na athi na kupita karibu na filamu, huondoa chaji.

Kabla ya oda kubwa, kipande cha filamu tupu kinyunyiziwe unga kisha kikung'utwe. Unga ukigoma kutoka, tena ukiruka na kurudi unapopanguswa, huo ni umeme tuli. Ukiwa umefanya madonge na filamu inateleza kama imepakwa mafuta, tatizo ni kinyume chake: unyevu umezidi, jambo ambalo wachapishaji wa Mombasa hulifahamu vizuri. Mvua za Aprili zikianza, beseni litolewe nje na mkebe wa unga ufunikwe kila baada ya kuchota.