Mtumishi wa posta aliyeumia kazini na bima yake ya afya

Tunazungumza na wale walioko Marekani ambao wao wenyewe, au jamaa zao, wameajiriwa na Shirika la Posta la nchi hiyo, na hasa wale walioumia kazini na sasa wanaishi kwa fidia. Mabadiliko ya bima ya afya yaliyoanza tarehe 1 Januari 2025 yanawahusu, ijapokuwa hawako tena katika zamu.

Kazi ya posta huonekana nyepesi kwa anayeletewa barua mlangoni. Mwenye kuifanya anajua kwamba barafu huteleza, mbwa huuma, na bega linalobeba mkoba miaka nenda miaka rudi hatimaye hudai haki yake. Kwa ajili hiyo watumishi wa serikali kuu ya Marekani, pamoja na wa posta, wanalindwa na sheria ya fidia ya mwaka 1916, ambayo leo inasimamiwa na Idara ya Kazi. Dai likikubaliwa, sheria hiyo hulipia matibabu ya jeraha lenyewe. Aliyeshindwa kufanya kazi hulipwa theluthi mbili ya mshahara wake ikiwa hana wategemezi, au robo tatu ikiwa anao, na malipo hayo hayatozwi kodi ya mapato ya serikali kuu. Kwa hiyo, aliyekuwa akipata dola 1,200 kwa juma atapokea dola 800 au dola 900.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Fidia hutibu jeraha lililokubaliwa, wala haivuki mpaka huo. Mgawa barua aliyevunjika goti atalipiwa upasuaji wa goti. Lakini shinikizo lake la damu, pumu ya mwanawe na uzazi wa mkewe havimo katika fidia. Hayo ni mambo ya bima ya afya. Basi mtu huyu ana mifuko miwili, na kila mfuko una mlango wake. Hati ya malipo ya goti ikipelekwa kwa kampuni ya bima, itakataliwa. Na hati ya dawa za mtoto ikipelekwa Idara ya Kazi, itakataliwa vilevile. Kila aendapo kwa daktari, mgonjwa na aseme wazi ni ugonjwa upi uliomleta.

Mabadiliko ya mwaka 2025 yaligusa mfuko wa pili. Tangu mwaka 1960 watumishi wa posta walikuwa katika mpango mmoja wa bima na watumishi wengine wa serikali kuu. Mwezi Aprili mwaka 2022 Rais Joe Biden alitia saini sheria ya kulirekebisha Shirika la Posta. Shirika hilo lilikuwa limeelemewa na sharti la mwaka 2006 lililolitaka liweke akiba mapema kwa ajili ya matibabu ya wastaafu wake, kiasi cha dola bilioni tano na nusu kwa mwaka katika miaka ya kwanza. Sheria mpya ililiondoa sharti hilo, na pia ikaanzisha mpango wa pekee wa bima kwa watu wa posta, unaojulikana kwa herufi PSHB. Mpango huo unasimamiwa na ofisi ileile ya utumishi wa serikali kuu iliyosimamia ule wa zamani. Walihamishiwa humo watumishi walio kazini, wastaafu, na wale wanaopokea fidia.

Aliyekuwa na bima ya zamani na hakuchagua lolote katika majira ya uchaguzi, mwezi Novemba na Desemba mwaka 2024, aliingizwa moja kwa moja katika mpango mpya. Hakuachwa bila bima, lakini wengine walichaguliwa na utaratibu badala ya kujichagulia wenyewe. Kwa aliyeumia, jambo hili lina uzito zaidi. Yeye haoni matangazo yanayobandikwa kazini, wala hana mwenzake wa zamu wa kumwuliza. Mchango wake wa bima haukatwi tena na posta. Hukatwa katika malipo ya fidia, ambayo kwa kawaida hutolewa kila baada ya siku 28. Atakayegundua mwezi wa tatu kwamba daktari wa mwanawe hapokei bima aliyowekewa, amechelewa.

Kwa hiyo yako mambo ya kukagua. Kwanza, soma karatasi ya malipo ya fidia: je, mchango wa bima unakatwa, na ni wa bima ipi? Pili, hakikisha mke au mume na watoto walio chini ya miaka 26 wameandikishwa. Tatu, majira ya uchaguzi hurudi kila mwaka, kati ya Novemba na Desemba, yatumie. Nne, ikiwa dai lako halijaamuliwa na mshahara umesimama, bima huweza kuendelea hadi siku 365, lakini michango ya muda huo ni deni litakalodaiwa baadaye.

Liko jambo lililo zito kuliko hayo, nalo ni siku ya kuhama kutoka fidia kwenda pensheni. Sheria hairuhusu mtu kupokea kwa wakati mmoja fidia ya mshahara na pensheni ya utumishi wake. Hana budi kuchagua. Atakayechagua pensheni na kutaka kubaki na bima, kwa kawaida lazima awe amekuwa nayo mfululizo kwa miaka mitano kabla ya kustaafu. Aliyeifuta ili kuokoa dola chache alipokuwa katika fidia huenda akajifungia mlango huo yeye mwenyewe.

Tena, katika mpango mpya, mstaafu anayestahili Medicare Sehemu ya A analazimika kwa kawaida kujiandikisha pia katika Sehemu ya B, ambayo mchango wake wa kawaida mwaka 2025 ulikuwa dola 185 kwa mwezi. Wamesamehewa baadhi ya watu, wakiwamo waliostaafu kufikia tarehe 1 Januari 2025 bila kuwa na Sehemu ya B, na watumishi waliokuwa wametimiza umri wa miaka 64 siku hiyo. Wastaafu wanaoishi nje ya Marekani nao wanaweza kusamehewa, wakitoa uthibitisho. Hili linamhusu mwenye nia ya kurudi kuishi Mombasa au Unguja: asiondoke kabla ya kuuliza na kupata jibu kwa maandishi.

Msikilizaji, fidia ni haki ya aliyeumia, na bima ni haki ya nyumba yake nzima. Ya kwanza haichukui nafasi ya ya pili. Barua yoyote itokayo Idara ya Kazi au ofisi ya utumishi, ifungue siku ileile, na usipoielewa mtafute wa kukusomea. Kuuliza si ujinga. Kwa leo tunaishia hapo. Tunakutakia afya njema.