Safari ya Iceland, na Mwanamke wa Maporomoko ya Dhahabu

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni, nayo yachapishwa hapa kwa ombi lao.)



Mlipotutaka tuseme habari za safari yetu ya kaskazini tuliona haya kidogo, kwa kuwa siku tulizokaa huko ni 9 tu, na mgeni wa siku 9 hana haki ya kujifanya mwenyeji. Basi mtuwie radhi tutakapopungukiwa.

Tulikwenda kumtazama ndugu yetu, mtoto wa baba mdogo, aliyepelekwa Reykjavík kwa miezi 6 kujifunza kazi ya mvuke wa ardhini. Mafunzo hayo yamepokea watu wa nchi nyingi tangu mwaka 1979, na Wakenya wa mitambo ya Olkaria, karibu na Naivasha, ni miongoni mwao. Hivyo tulikuwa na mahali pa kulala. Kama sivyo, bei za nchi ile zingalitushinda siku ya kwanza.

Iceland ni kisiwa cha kilometa za mraba 103,000 hivi, nacho ki kaskazini sana, hata mwezi wa Juni usiku hauingii giza. Watu wake hawajafika 400,000, na zaidi ya nusu wakaa Reykjavík na miji iliyo kando yake. Jina la mji huo maana yake ni Ghuba ya Moshi, na moshi wenyewe ni mvuke wa chemchemi. Tulidhani tutaona majumba ya mawe matupu. Kumbe nyumba nyingi za zamani zimevikwa mabati, si paa tu bali na kuta, yakapakwa rangi nyekundu, buluu na kijani. Sisi tuliozoea kumdharau mwenye nyumba ya bati tulinyamaza. Maji ya moto yatokayo ardhini hupitishwa katika mabomba, nayo hupasha moto nyumba 9 hivi katika kila 10 za nchi nzima. Ukiyaoga yanuka kama yai viza, lakini baada ya siku mbili pua huacha kulalamika.

Ndugu yetu alitupeleka Thingvellir, ambapo wenyeji walianza baraza lao mwaka 930. Siku zile sheria haikuandikwa. Mtu mmoja aliyechaguliwa aliitamka kwa moyo mbele ya watu, theluthi moja kila mwaka, hata ikaisha kwa miaka 3. Makarani wenzetu, fikirini: majalada yote ya nchi ndani ya kichwa cha mtu mmoja, wala hakuna wa kuyapoteza! Bonde lenyewe ni ufa. Ardhi yaachana huko kidogo kidogo kila mwaka, kama yetu inavyoachana, polepole zaidi, katika Bonde la Ufa.

Kisha tulipanda basi mpaka Akureyri, mji wa kaskazini wenye watu 20,000 hivi, ambako taa nyekundu za njia panda zina umbo la moyo. Katika wilaya iliyo mashariki yake wakulima waliopinga boma kubwa la umeme katika mto Laxá walilipua boma dogo kwa baruti mwaka 1970, na sheria ya kuulinda mto ule na ziwa Mývatn ilitoka mwaka 1974. Hatuisifu baruti. Wala si kila nyika iliyookoka: kule Kárahnjúkar mabonde mapana yamefunikwa na maji ili kiwanda cha alumini kipate umeme, na jambo hilo liliwagawanya wenyeji sana. Nasi hatuwezi kuulaani umeme, kwani tunasoma karatasi hii kwa taa yake.

Siku ya mwisho tulifika Gullfoss, yaani Maporomoko ya Dhahabu. Mto Hvítá, utokao barafuni, waanguka mara mbili, mita 11 kisha mita 21, ndani ya korongo jembamba, hata mtu asimsikie jirani yake. Karibu na njia pana jiwe lenye sura ya mwanamke, Sigríður Tómasdóttir, binti wa mkulima wa shamba la Brattholt. Mwanzoni mwa karne ya 20 maporomoko yalikodishwa kwa wageni waliotaka kuyatumia kwa umeme. Sigríður alikataa. Yasimuliwa kwamba alikwenda Reykjavík kwa miguu, safari ya zaidi ya kilometa 100, akivuka mito, si mara moja, ili kuulizia shauri lake. Na kwamba aliapa kujitupa majini siku kazi itakapoanza. Wakili wake, Sveinn Björnsson, alikuja kuwa Rais wa kwanza wa Iceland mwaka 1944. Mahakamani hawakushinda. Wakodishaji ndio walioshindwa kulipa, mkataba ukavunjika mwaka 1929. Sigríður alifariki mwaka 1957, na mwaka 1979 mahali pale pakawekwa chini ya ulinzi wa sheria.

Ndugu, mbele ya jiwe lile hatukuwaza maporomoko. Tulimkumbuka mzee mmoja aliyekuja mezani petu, vumbi hata magotini, kuulizia chemchemi ya kijiji chao iliyozungushiwa seng'enge. Tulimwambia, "Rudi kesho, mzee, jalada halijaonekana." Hatukuwa tumelitafuta. Mara ya nne alituuliza kwa adabu, "Mwanangu, kesho hiyo ni siku gani?" Hatukumjibu, naye hakuja tena.

Tuliporudi kazini tulilitafuta jalada lile, tukalipata kwa dakika 15, chini ya mengine. Barua tumempelekea kwa mkono wa mwalimu wa kijiji, kwa kuwa mzee hana sanduku la posta. Hata jioni hii jibu halijafika. Jumamosi twakusudia kwenda wenyewe, na mwanachama yeyote mwenye gari la kuelekea upande ule, twamwomba atuone mkutano ukiisha.