KUUNGA MKONO UTAFITI WA MISITU KATIKA NCHI ZINAZOENDELEA



Mwaka 1983 Umoja wa Kimataifa wa Mashirika ya Utafiti wa Misitu ulianzisha mpango maalumu wa kuzisaidia nchi zinazoendelea. Sababu ilikuwa wazi: misitu mingi ya nchi za joto imo katika nchi hizo, ilhali maabara na fedha za utafiti kwa sehemu kubwa ziko kwingineko.

Faida ya utafiti imeonekana hapa Unguja. Wakulima wanaopakana na Msitu wa Jozani walilalamika kwamba kima punju wanawamalizia nazi. Jina lenyewe lilibeba tuhuma, kwani iliaminika kuwa mti anaoula mnyama huyo hukauka. Malalamiko hayo hayakuwa madogo: mnazi ni chakula, ni mapato na ni urithi. Kwa upande wa pili, kima huyo kwa asili hapatikani popote duniani isipokuwa Unguja.

Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker waliichunguza minazi hiyo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1999, yalionyesha kwamba kima hula nazi changa. Minazi iliyoliwa zaidi haikupungukiwa na mavuno, bali ilielekea kuzaa zaidi. Huenda ni kwa sababu vidaka vinavyobaki hupata nafasi ya kukomaa. Matokeo hayo yanahusu nazi tu. Hasara katika mazao mengine yataka uchunguzi wake. Hata hivyo, bila ya kuhesabu, mkulima na mhifadhi wangeendelea kushutumiana.

Kwa hiyo, msaada wa utafiti ufuate mambo matatu. Kwanza, maswali yatokane na shida za wananchi. Pili, vijana wa hapa wasomeshwe kazi hiyo, na kumbukumbu zote zibaki nchini. Tatu, matokeo yarudishwe vijijini kwa Kiswahili.

Jozani na Ghuba ya Chwaka ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2004. Msitu hukua kwa miongo, lakini miradi mingi hufungwa baada ya miaka michache. Utafiti usifungwe pamoja nayo.

Wananchi wanaombwa kuwapa watafiti ushirikiano, na wanayo haki ya kuuliza kilichopatikana.