Upepo Ukishaezua Paa: Kibondo na Kasulu

Kimbunga cha baharini hakifiki Kibondo wala Kasulu, mkoani Kigoma. Vimbunga hivyo hupata nguvu katika maji ya vuguvugu ya Bahari ya Hindi na hudhoofika vikiingia nchi kavu. Cha mwaka 1952 kiliipiga Lindi. Hidaya, cha Mei 2024, kilimalizia nguvu zake Mafia na pwani ya jirani. Nyanda za juu za Kigoma zina upepo wake wenyewe. Wingu la radi likikomaa, hewa baridi hushuka kwa kishindo pamoja na mvua, pengine mvua ya mawe, kisha hutawanyika kwa kasi juu ya ardhi. Dakika chache tu, na kwa njia nyembamba: upande mmoja wa kijiji hubaki salama, upande wa pili watu hulala nje.

Hasara ya kwanza ni paa. Nyumba nyingi vijijini ni za tofali na udongo, zimeezekwa kwa bati jepesi. Upepo hupenya chini ya upenu na kuinua bati pamoja na kenchi, kwa sababu mara nyingi kenchi zimekalia ukuta bila kufungwa. Lakini hasara kubwa zaidi huja siku zinazofuata, na hii ndiyo isiyotajwa sana. Ukuta wa tofali mbichi usio na paa hulainika kwa kila mvua hadi uanguke. Mahindi yaliyolowa huota ukungu, na hapo ndipo sumukuvu inapoanzia. Maharage ya mbegu yaliyolowa huchipua ndani ya gunia au huoza. Turubai moja likipatikana siku ya kwanza huokoa ukuta, chakula na mbegu kwa pamoja; likija baada ya mwezi, hufunika magofu.

Jirani hupokea watoto, na wanaume wa mtaa hukusanya bati zilizotupwa mashambani, wakinyoosha zinazonyooka. Baada ya hapo familia hutegemea shamba, na shamba lina mwendo wake. Maharage huhitaji takriban miezi mitatu, mahindi minne au mitano, mgomba na muhogo karibu mwaka au zaidi. Kwa hiyo maharage ndiyo hununua bati za kwanza, endapo mbegu ilipona. Ikiwa haikupona, mama wa nyumba huenda kulima kibarua kwenye mashamba ya wengine, na shamba lake huchelewa kupandwa. Hapo ndipo upepo wa dakika chache huzaa umaskini wa miaka. Ni jambo la kuumiza, kwa sababu debe moja la mbegu lingelizuia.

Katika kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu, iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996, njia hiyo ya shamba ni finyu mno. Familia iliyoezuliwa makazi yake husubiri vifaa vya mashirika, na kusubiri huko huwa katikati ya mvua.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji. Kamati ya kijiji ndiyo inayojua nani ana mgonjwa, nani ni mjane, na nani kapoteza mbegu. Thamani yake hupimwa kwa wiki mbili za mwanzo baada ya upepo.

Mvua za Kigoma huanza kati ya Oktoba na Novemba. Kamati za vijiji vya Kibondo na Kasulu zihifadhi maturubai, misumari na mbegu ya maharage kabla ya Oktoba. Na kila anayepaua nyumba mwaka huu, afunge kenchi kwenye ukuta kwa waya mnene kabla ya kupigilia bati la kwanza.