Makato, Nafuu na Mshahara wa Al Wakrah

Makato ya kodi ya mapato ni fedha ambazo sheria inaruhusu ziondolewe kwenye mshahara kabla kodi haijapigiwa hesabu. Nafuu huja baadaye: huondolewa kwenye kodi yenyewe. Nchini Kenya, Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi ya 2024, iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba mwaka huo, iliegemea upande wa makato. Tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 na mchango wa bima ya afya ya jamii wa asilimia 2.75 sasa hutolewa kabla ya kodi. Kikomo cha mchango wa pensheni kilipanda kutoka shilingi 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi, na cha riba ya mkopo wa nyumba kutoka 300,000 hadi 360,000 kwa mwaka.

Watetezi wa mageuzi haya husema kwamba kila mfanyakazi amerudishiwa chake. Hoja hiyo ina mvuto, na ndiyo maana inafaa kupigiwa hesabu hadi senti. Mwenye mshahara wa 600,000 kwa mwezi huchangia tozo na bima jumla ya 25,500. Kwa kuwa sehemu ya juu ya mapato yake hutozwa asilimia 32.5, makato hayo humwokolea shilingi 8,287.50. Mwenye 30,000 huchangia 1,275, naye huokoa 318.75, kwani yumo kwenye daraja la asilimia 25. Mwenye 20,000 huchangia 850 na haokoi chochote: kodi yake ya 2,000 ilikwisha kumezwa na nafuu binafsi ya 2,400. Mchango anautoa kama wenzake, ila fidia haimfikii.

Mtetezi atajibu kwamba hata yule wa 30,000 amepata zaidi ya alivyopata zamani. Ni kweli. Kama michango yote miwili ingepewa nafuu ya asilimia 15, kiwango kilichokuwa kikitumika kwa tozo ya nyumba, angeokoa 191.25 tu. Kwa hiyo makato yamemwongezea 127.50. Mwenye 600,000 yamemwongezea 4,462.50, yaani mara 35, ilhali mshahara wake ni mara 20 tu ya ule mwingine. Kwenye riba ya mkopo wa nyumba pengo ni baya zaidi, kwa sababu mikopo hiyo nchini kote ilikuwa karibu 30,000 mwaka 2023. Kikomo kilipandishwa kwa ajili ya watu ambao wangeenea katika uwanja mmoja wa mpira, na nafasi ikabaki.

Lililosahaulika kabisa ni suala la Wakenya wanaofanya kazi Al Wakrah, mji wa Qatar. Qatar haitozi mishahara kodi ya mapato; Sheria Namba 24 ya 2018 hutoza biashara asilimia 10, na hati ya mshahara ya mlinzi au dereva haina mstari wa kodi. Wengi huishia hapo na kuona shauri limekwisha. Shauri linaanza upya kwenye kifungu cha 2 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya, Sura 470, ya mwaka 1973. Kifungu hicho kinastahili kusomwa polepole, kwani hakuna kingine kinachokamata watu wengi kwa maneno machache hivyo. Mwenye makao ya kudumu Kenya akikanyaga nchini kwa muda wowote ndani ya mwaka, ni mkaazi. Siku 183 ni za yule asiye na makao hayo. Kifungu cha 5 nacho humtoza mkaazi kwa ajira yake iwe ndani au nje ya Kenya. Basi mlinzi aliyekwenda likizo ya mwezi mmoja Kilifi, alikojenga, amerudi Al Wakrah akiwa mkaazi wa Kenya kisheria.

Kima cha chini cha mshahara Qatar, tangu Machi 2021, ni riyali 1,000, mbali na malazi na chakula. Riyali moja ikihesabiwa shilingi 35, hizo ni 35,000. Kwa viwango vya Kenya, kodi ya mlinzi anayelipwa hivyo, baada ya nafuu binafsi, ni 2,883.35 kwa mwezi. Mwenzake wa Mombasa mwenye 35,000 zile zile hulipa 1,853.13, kwa kuwa kwanza hukatwa mchango wa pensheni wa NSSF, bima na tozo ya nyumba. Aliye Al Wakrah hana mwajiri wa kumkata hayo, hivyo hana cha kupunguza. Sheria humwondolea mkaazi kodi aliyokwisha kulipa ugenini, lakini yeye ugenini hakulipa. Kwa mazoea wengi hupeleka ritani sifuri na mambo huenda, ila mazoea hayamlindi mtu siku ofisi ya kodi itakapoamua kusoma kifungu cha 2.

Karibu na Souq Al Wakrah, wafanyakazi kadhaa wa Pwani ya Kenya waliwahi kumwonyesha mhadhiri mmoja simu zao: picha za msingi, za matofali, za lenta iliyomwagwa wiki ile, na chini yake ujumbe wa ndugu akidai mifuko ya saruji. Hivyo ndivyo nyumba nyingi za Wakenya hujengwa, chumba kwa chumba, bila benki na bila riba. Makato ya riba ya 360,000 hayazijui nyumba hizi.

Marekebisho yanayofaa yanaingia kwenye Jedwali la Tatu la Sheria ya Kodi ya Mapato, penye viwango na nafuu. Nafuu binafsi haijaguswa tangu ilipopandishwa kutoka 1,408 hadi 2,400 Aprili 2020, ingawa bei zimepanda kila mwaka. Ipandishwe, ifungwe kwenye mfumuko wa bei, na gharama yake itokane na kurudisha nyuma vikomo vya riba na pensheni. Tanzania hufika karibu na hapo kwa njia nyingine: mshahara wa hadi shilingi 270,000 za huko hautozwi kabisa. Kwa walio ng'ambo, kifungu cha 5 kiongezewe kiwango cha mshahara wa nje kisichotozwa, angalau sawa na kile ambacho nafuu mpya itamwachia mfanyakazi wa Mombasa.